Doa Lisilo na Mshipa Katikati

Mwanangu Fusi anaona kwa jicho moja. Naandika haya kwa akina mama wa kanisani kwetu hapa ugenini, mjini Hobart, na kwa yeyote mwenye binti, msije mkawa wajinga kama mimi. Na Daktari Whitcombe akipata mtu wa kumsomea, asomewe. Hainisumbui.

Ilianza na kutapika. Fusi alikuwa na miaka kumi na sita. Wiki tatu nzima anatapika, na kwikwi haikatiki, analala nayo anaamka nayo. Magimbi na tui la nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, hata kijiko kimoja hakikai tumboni. Mama mwenye akili angempeleka hospitali. Mimi nikahesabu siku zake za mwezi.

"Mtaje huyo mwanaume," nikamwambia.

"Mama, hakuna mwanaume!"

"Basi hiyo mimba kakupa nani, upepo?"

Damu yake ya mwezi ikaja, kwikwi ikakoma yenyewe, nami nikashukuru Mungu kwamba aibu imepita. Habari yenyewe nikaifukia. Mama mchungaji akiuliza mbona binti amekonda, najibu anasoma sana. Anasoma sana! Kitabu gani hicho kinachotapisha watu?

Mwezi haujaisha, jicho lake la kushoto likaingia giza. Ndipo tukapelekwa kwa Whitcombe, bingwa wa ubongo. Mimi niliishia darasa la sita, na Kiingereza changu ni cha kiwanda cha samaki: haraka, simama, ongeza barafu. Ikabidi mwanangu wa kwanza, Havea, aje kutafsiri. Nanyi mnajua, sisi watu wa visiwa vya Tonga, kaka na dada wakishapevuka hata televisheni hawaangalii chumba kimoja, na mambo ya mwili wa dada hayatajwi mbele ya kaka. Havea akakaa kakaza macho ukutani kama anayesoma rangi.

Whitcombe akazitazama picha za MRI, ile mashine ya sumaku, kwa muda wa mtu kumenya ndizi.

"Madoa meupe kwenye ubongo. Ni MS," akasema. "Kinga ya mwili inakula ngozi ya mishipa ya fahamu. Kisiwa hiki cha baridi kina MS kama mvua. Naiona miaka thelathini."

Havea akamwambia kwa adabu, "Daktari, kwetu Tonga ugonjwa huo hatujausikia."

"Kwenu ni hapa sasa," akajibu, na akacheka peke yake.

Halafu akauliza kama kuna lolote lililotangulia lile jicho. Fusi akafungua mdomo. Nikamfinya paja chini ya meza, nikamfinya hasa.

"Hakuna kitu," nikasema.

Haya, oneni baraza la wenye hekima: bwana mkubwa asiyetaka kusikia, na mama asiyetaka kusema. Fusi akaandikiwa sindano za MS.

Miezi miwili ya sindano, miguu ikaanza kufa ganzi. Tukapiga simu. "Dawa inataka muda, muwe na subira," akasema Whitcombe. Subira ya jicho la mwenzako haina uzito hata kidogo. Asubuhi moja Fusi akanishika mkono jikoni: "Mama, na hili la kulia lina pazia."

Sikupiga simu tena. Havea akatuendesha hadi hospitali kubwa, wakamwingiza Fusi kwenye mashine mpya ya sumaku, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza. Msomaji wa picha, Daktari Kwok, mama mfupi mwenye makombo ya biskuti kifuani, akatoka mwenyewe kutuita.

"Njooni muone. Doa la MS mara nyingi hukaa juu ya mshipa mdogo wa damu, kama shanga kwenye uzi. Mashine hii inauonyesha huo uzi. Binti yako ana madoa kumi na moja. Tisa hayana uzi. Mimi nadhani hii si MS, ni ugonjwa mwingine unaofanana nayo, na zile sindano zinauchochea."

Kisha akaweka kidole chini kabisa, ubongo unapokutana na shingo. "Hapa pana doa, lakini limefifia. Sehemu hii ndiyo inayoongoza kutapika. Aliwahi kutapika, au kupata kwikwi isiyokatika, siku nyingi?"

Havea akatafsiri, kisha akanitazama mimi.

"Nimetuma damu bara kupimwa," Kwok akaendelea. "Majibu ni wiki mbili. Nikiwa na uhakika leo, dawa zinabadilishwa leo."

"Jicho lina wiki mbili?" nikauliza.

"Halina."

Safari hii Fusi alijikinga mapema. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja yake.

"Alitapika wiki tatu," nikasema. "Na kwikwi. Nilificha. Nilidhani ana mimba."

Havea akasimama, akatupa mgongo, akatafsiri akiuelekea ukuta. Alipofika kwenye mimba, akaliruka hilo neno.

"Na hilo liseme," nikamwambia. Akalisema.

Sindano zikakatazwa siku ile ile. Akatundikiwa dawa kali ya mshipani, damu yake ikapitishwa kwenye mashine ikasafishwa. Pazia la jicho la kulia likainuka. La kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. Wiki mbili baadaye majibu ya damu yakamuunga mkono Kwok.

"Ni ugonjwa wa nadra," Whitcombe akatuambia tuliporudi kwake, bila hata kuomba radhi. Nadra kwa asiyeuliza mara mbili.

Nilitaka kumtukana. Nikageuka kwanza kumtazama Fusi, naye alikuwa ananitazama mimi, kwa lile moja.

"Mama," akasema, mbele ya kaka yake, "ile mimba ya upepo ilizaa nini?"