Kile Mungu Alikuta

"Mungu alikuta mtu?" Baba alikuwa ashasimama. "Na huyo mtu aliumbwa na nani, Mabonga? Na wewe?"

Nikamwambia hata Ashley wa sande skuli aliuliza hivyo, na ako na miaka saba, na hakupiga kelele. Nilifaa kunyamaza.

Sai niko Timboroa, napakia mbao, lakini hiyo Jumamosi nilikuwa bado kwetu, mtaa wa Pioneer. Nimemaliza form four, nakaa tu, miguu inaniwasha. Kanisa ikanipea sande skuli nifundishe. Siku moja nikachoka na picha za kupaka rangi, nikaambia watoto vile watu wa kitambo walisema dunia ilianza. Babeli, maji mbili, tamu na ya chumvi, zinachanganyikana kabla mungu yeyote azaliwe. Misri, kilima inatoka kwa maji kama mgongo wa kiboko.

Alafu ya Wanandi. Mungu anakuja kupanga dunia, anakuta radi, ndovu na mtu wanaishi pamoja. Radi inaona mtu akilala anajigeuza huku na huku bila kusimama kwanza, kitu yeye na ndovu hawawezi. Inaogopa, inatorokea juu. Ndovu anabaki akicheka, mpaka mtu anachonga mshale.

Kenye kilinimaliza ni vile kila mahali Mungu alikuta kitu. Hata kwa Biblia, kabla ya nuru, maji iko tu hapo.

Mama Ashley akapeleka hiyo maneno kwa pasta. Baba ni mzee wa kanisa. Pasta akasema mwenye alileta hizo hadithi asimame mbele Jumapili, aseme ni uongo, atubu.

Babeli na Misri nilitoa kwa simu. Ya ndovu nilipewa na Mama. Nikiwa mdogo Baba akienda kazi ya usiku, mvua ikipiga mabati, nilikuwa najificha chini ya kitanda. Mama ananivuta mguu ananiambia, toka, radi ndio inakuogopa.

Sasa alikuwa kwa meza anachagua maharagwe. Sare yake mpya ilikuwa imeanikwa kwa msumari. Hiyo Jumapili ndio angewekwa mwenyekiti wa akina mama.

"Hiyo ya ndovu." Sauti ya Baba ikashuka, na hiyo ndio ilikuwa mbaya zaidi. "Hiyo nani alikuambia?"

Nikaangalia Mama.

"Ni simu, Baba Mabonga," akasema, macho kwa maharagwe. "Siku hizi kila kitu iko kwa simu."

Baba akaningoja mimi.

"Ni simu," nikasema.

"Basi kesho utasimama useme ni uongo."

"Ya Babeli nitasema. Ya ndovu siwezi."

Akauliza ile ina nini ya maana hivyo. Akasema mwenye hatasimama kesho asilale kwa hii nyumba leo, alafu akakaa chini polepole, kama mtu amebeba gunia mbali.

Nikachukua begi. Mama alikuwa ameshika haragwe moja, haitupi, haiweki.

"Beba sweta," akaniambia. "Nje ni baridi."

Nikaibeba, nikatoka, nikafunga mlango.