Kibandiko cha Buluu

Mama alipounguza pazia la jikoni, kaka yangu Garnett hakupiga kelele. Alisimama kofia mkononi akiutazama ukuta mweusi, kisha akasema, "Twila, nakupa mpaka Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba."

"Unanipa nini?"

"Muda. Ukipata kazi ya kufanyia humu ndani, mama anabaki. Usipopata, itabidi utoke ukatafute riziki, na huyu haachiki tena peke yake. Mimi niko barabarani na lori siku tano kwa wiki. Tutampeleka kule juu."

"Nipo hapa, nawasikia," mama akasema kutoka mezani. "Mnanigawana kama kuku wa Jumapili. Haya, nani anachukua paja?"

Tulicheka wote watatu. Mama alikuwa bado na ulimi wake. Yaliyompotea ni mengine: kwamba jiko linawaka, kwamba ameshakula, kwamba baba alifariki miaka sita iliyopita.

Kule juu ni nyumba ya wazee iliyo mlimani, nyuma ya bonde letu la mashariki mwa Kentucky. Naijua kuliko jikoni kwangu. Nilifanya kazi pale miaka kumi na minne, nikiwaogesha wazee na kuwageuza vitandani, mpaka siku nilipomwinua mzee mmoja mnene mgongo ukanikatika. Sisemi ni mahali pabaya. Watu wake wanajitahidi, nami nilijitahidi. Lakini upande wa mashariki una mlango unaofunguliwa kwa namba, na nyuma yake huwekwa wale ambao karatasi zao zinasema ubongo umeugua. Hao hawaruhusiwi kwenda uani. Ukumbi wao una baridi hata Julai. Kila nilipoingia zamu ya asubuhi niliwakuta wawili watatu wamesimama wameshika kitasa, wanangoja mtu aje kuwarudisha kwao.

Mama amelima bustani maisha yake yote. Mwaka ule alipoanza kusahau alinishika mkono akasema, "Twila, niuze, nizike, nitupe kwa mbwa. Ila usiniweke nyuma ya ule mlango." Nilimwahidi. Mengi yalimtoka, hilo halikumtoka.

Kazi niliyokuwa naitafuta ni ya kuweka misimbo ya matibabu. Daktari akishakuona huandika maelezo. Mtu mwingine, asiyekujua wala kukuona, huyasoma na kuyageuza kuwa namba, maana kila ugonjwa una namba yake na kila mshono una yake, na bima hailipi mpaka ione namba. Wengi huifanya wakiwa majumbani mwao. Muuguzi mmoja ndiye aliyeniambia habari hizo nilipokuwa nimelazwa na mgongo, nami nikazishika kama mtu aliyeangukia mtoni anavyoshika mzizi.

Sikwenda shule. Nilinunua vitabu vitatu, kila kimoja kizito kama tofali, nikaanza Januari kwenye meza ya jikoni. Mtihani wake unaruhusu kuingia na vitabu, kwa hiyo hodari si anayekariri bali anayefika haraka kwenye ukurasa. Watu hubandika vibandiko vya rangi pembeni mwa kurasa. Vyangu alivibandika mama. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kuliko vyangu.

"Hii ya wapi?"

"Herufi G, mama. Magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Weka buluu."

"Na hii ya njano?"

"Hiyo mwishoni, herufi R. Dalili tu, ambazo daktari bado hajui ni za ugonjwa gani."

"Basi mimi ni wa njano," akasema, akabandika. Ile ya buluu aliibandika ikaenda upande kidogo. Nikaiacha hivyo hivyo.

Septemba nilifanya mtihani, maswali mia moja kwa muda wa saa nne. Nilipata themanini na moja, sabini zilitosha. Cheti kilipofika, Garnett alikiinua kwenye mwanga.

"Na hii A mwishoni? Wamekupa alama ya A?"

"Hapana. Maana yake mwanagenzi. Inaondolewa ukishafanya kazi miaka miwili."

"Sasa si ndiyo ufanye kazi?"

"Kila anayeajiri anataka mtu mwenye hiyo miaka miwili."

Alinirudishia cheti. "Basi wa kwanza kabisa duniani aliajiriwa na nani?"

Kufikia wiki ya kwanza ya Novemba nilikuwa nimeandika barua sabini na tatu. Nyingi hazikujibiwa. Zilizojibiwa ziliuliza miaka miwili iko wapi. Nilifika mahali nikawa naamka alfajiri na kukaa tu mbele ya kompyuta bila kuifungua, nikihesabu siku kwa vidole kama mtoto.

Barua ya sabini na nne ilijibiwa na kampuni moja ya Tennessee. Hawakujali herufi A. Walitaka nifanye jaribio: majalada kumi ya wagonjwa, nyumbani, asubuhi moja. Ukipata tisini na tano kwa mia, una kazi.

Nilimpa mama bakuli la maharage ayachambue, nikaketi. Majalada saba yalikwenda vizuri. La nane lilikuwa la mwanamke wa miaka sabini na tisa aliyepelekwa kliniki na binti yake. Anaficha funguo kwenye unga. Anauliza mume wake atarudi saa ngapi, na mume amekufa. Ametoka nje na gauni la kulalia kwenye theluji. Chini yake daktari aliandika: *Huenda ni Alzheimer.*

Sheria ya hapo naijua. Niliiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la kitabu: mgonjwa aliyeonwa kliniki akarudi kwake, ugonjwa wa "huenda" hauwekwi namba. Unaweka dalili peke yake, yaani kupoteza kumbukumbu. Ukiweka ugonjwa, umempa mtu maradhi ambayo hakuna daktari aliyethibitisha, na namba hiyo itamfuata kila aendako. Kwenye mtihani nililijibu swali hilo bila hata kufungua kitabu.

Lakini nilisoma habari za funguo. Zetu tulizikuta kwenye mkebe wa kahawa. Nilimwona yule mama kwenye theluji, nikajua anaumwa nini kama ninavyojua jina langu. Nikafungua penye kibandiko cha buluu, nikaweka namba ya G, nikaenda jalada la tisa. Sikusita hata kidogo.

Bwana wa Tennessee alinipigia simu mwenyewe, kwa upole.

"Bi Ratliff, kazi yako ni safi. Tisini."

"Tisini," nikasema.

"Jalada la nane. Daktari hakuwa na uhakika. Wewe uhakika uliutoa wapi?"

Mama alikuwa ukumbini akimwita baba.

"Unaweza kujaribu tena baada ya miezi sita," akasema.

Sikukuu ilikuwa baada ya siku tisa. Siku hizo nilizitumia vibaya. Nilirudia barua zote sabini na tatu, nikapiga simu kwa watu waliokwisha kunikataa, mmoja nikamsihi mpaka akakata. Garnett alileta bata mzinga, tukala, mama akamsifu mpishi mara nne, na baada ya chakula nikamkuta Garnett nje ameegemea lori lake, mabega yanamtikisika.

"Ningekuwa na njia nyingine, dada."

"Najua."

"Usinichukie."

"Sikuchukii, Garnett. Ingia ndani, kuna baridi."

Jumatatu tukampandisha kule juu. Mama alibeba mkoba wake wa kanisani na hakuuliza tunakwenda wapi.

Aliyetupokea ofisi ya kumbukumbu ni Bi Slone, mwanamke wa miaka sitini ambaye miaka yote kumi na minne alikuwa akinigawia kikombe changu cha kahawa bila kusema neno. "Mgongo vipi, Twila?" akauliza, huku akipanga karatasi. Kisha akasoma bila kuinua macho, "Verdie Ratliff. Upande wa mashariki."

Mama alinigeukia. "Amesema mashariki?"

"Ngoja, mama."

Karatasi ya kliniki, ile ambako Garnett alimpeleka wakati wa masika, ilikuwa juu ya meza. Niliisoma ikiwa imepinduka kichwa chini miguu juu, kama unavyozoea ukifanya kazi na karatasi. Ilianza na G.

"Bi Slone, naomba kuona alichoandika daktari. Si namba. Maneno yake."

"Ya nini tena?"

"Nimesaini kama mlezi wake. Naruhusiwa."

Alivuta pumzi, akanisukumia kurasa mbili. Mwisho wa ya pili mwandiko ulisema: *Kupoteza kumbukumbu. Huenda ni Alzheimer. Arudi Januari kwa vipimo.*

Mtu fulani pale kliniki, nisiyemjua, alikuwa amesoma habari za mama yangu na kufanya kosa langu lile lile. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Pengine naye ana mama.

"Hii namba haifai," nikasema. "Ni mgonjwa wa kliniki, na daktari ameandika huenda. Inatakiwa ya dalili tu. Ikiwa ya dalili, mnaweza kumweka mashariki?"

Bi Slone alivua miwani. "Kwa dalili tu, hapana." Akamtazama mama, aliyekuwa amesimama na mkoba kifuani, kisha akanitazama mimi. "Twila. Wewe mwenyewe unaamini hana?"

"Sijaulizwa ninaamini nini."

"Hilo si jibu."

"Ndilo lililoandikwa, Bi Slone. Huenda."

Alichukua simu. Aliongea na kliniki mara tatu siku ile. Saa tisa alasiri karatasi mpya ilikuja, ikianza na R, na mama akapewa chumba upande wa magharibi, chenye dirisha la uani, hadi vipimo vya Januari.

"Umewafanya nini?" Garnett alininong'oneza.

"Nimewasomea."

Bi Slone alinifuata kwenye maegesho bila koti. "Nani kakufundisha mambo yale?"

"Meza ya jikoni."

"Cheti unacho?"

"Ninacho, lakini kina A."

"Hata kingekuwa na Z. Aliyekuwa akinisaidia aliondoka Machi na sijapata mwingine wa kukubali kupanda mlima huu. Njoo Jumatatu ijayo."

Nilisimama pale na funguo mkononi. Wiki moja kabla ningepiga magoti. Sasa nilikuwa na kazi, na mama alikuwa tayari ndani ya jengo.

Ndivyo nilivyoanza, kwenye chumba kisicho na dirisha, nikisoma karatasi za wazee ambao zamani niliwaogesha. Kazi niliiweza. Saa sita mchana nilikuwa nakula na mama. Alidhani bado nainua watu. "Utaumia mgongo," aliniambia kila siku. Na kila siku, akitazama uani, aliuliza, "Ule mlango uko wapi?"

"Uko mbali, mama."

"Usinidanganye."

"Uko upande mwingine kabisa."

Januari walimpeleka kupimwa. Bi Slone aliniambia mapema: pale hakuna anayegusa jalada la ndugu yake, na hata kulisoma ni kosa la kufukuzwa. Nikasema nimeelewa.

Karatasi za majibu zilifika Alhamisi asubuhi, ndani ya fungu la kawaida. Niliinua karatasi ya tatu nikaona jina, Verdie Ratliff, na kabla jicho halijashuka nikaigeuza. Nilivuka chumba nikaiweka mbele ya Bi Slone ikiwa imelala kifudifudi.

"Hii si yangu," nikasema.

Akaigeuza. Akasoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Usoni hakuonyesha kitu. Ni mwanamke aliyesoma mengi. Bi Slone haiamini kompyuta. Kila namba huihakiki kitabuni, na chake kilikuwa kimeachia kurasa.

"Niazime kitabu chako, Twila."

Nilimpa. Nilipaswa kurudi kwenye kiti changu, nikabaki pale pale. Nilitazama mkono wake. Herufi R iko nyuma, karibu na mwisho, na ili kuifikia ungelazimika kuzipindua kurasa nyingi sana. Nilizisihi zipinduke.

Hakupindua nyingi. Kidole chake kilipita juu ya vibandiko kikasimama kwenye kile kilichoenda upande, cha buluu.

Akasema bila kunitazama, "Sijaanza kuandika namba. Naweza kuanza baada ya chakula cha mchana."

"Ahsante, Bi Slone."

Nilikwenda upande wa magharibi. Mama alikuwa dirishani, anawahesabu ndege kwenye ua. Nilifungua kabati nikatoa sweta lake nene la kijivu na soksi za sufi, nikapiga goti nikaanza kumvisha.

"Tunatoka?" akauliza.

"Bado kidogo, mama. Lete mguu."