Pikipiki Isiyobeba Barua

Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, tarishi wa ofisi ya mji aliisukuma pikipiki yake hadi kwenye banda la Fundi, akaiegemeza kwenye nguzo na kujifuta jasho kwa leso iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa mara ya tatu katika wiki mbili. Watu walimwita Muhuri, kwa sababu mfuko wa shati lake ulikuwa na doa la wino lisilotoka, na kwa sababu tangu aajiriwe hajasema neno ambalo halijapitishwa kwanza na mkubwa wake.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, nyekundu, mali ya ofisi. Ugonjwa wake haukubadilika. Uani mwa ofisi iliwaka kwa kiki moja. Kwenye barabara kuu ilikwenda vizuri tu. Ikiingia uchochoroni mwa Fundi, sauti inakuwa nzito, inakohoa, inazima. Ukiiacha ipumzike inawaka, inakwenda hatua ishirini, inazima tena.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minane, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiojua kuzunguka. Banda lake liliegemea ukuta wa nyumba ya mama yake, na ndani ya nyumba hiyo waliishi wawili, yeye na mama. Mara ya kwanza alifungua plagi, akaikuta kavu, ya rangi nzuri ya kahawia, akaibadilisha hata hivyo. Mara ya pili alishusha kabureta, akapuliza matundu yote, akakagua hata kile kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi, maana kikiziba petroli haishuki. Hakikuwa kimeziba. Koili nzima, chujio safi. Wapita njia wakaanza kumtania kwamba safari hii amepata kiboko yake. Alicheka nao, lakini lilimuuma.

Kwa hiyo Jumanne hiyo hakugusa spana. Alivuta kigoda, akaketi, akaitazama pikipiki. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa na gurudumu limebonyea, ilhali tarishi mwenyewe alikuwa amesimama pembeni, mwembamba kama ufito.

"Umebeba nini, mzee?"

"Karatasi," alisema Muhuri.

Akalivua begi kutoka nyuma ya kiti kwa vidole viwili, akampa. Fundi alilipokea kwa mikono miwili na likamshinda palepale, likatua juu ya kiatu chake. Alitoa mguu. Muhuri akaliinua tena kwa kidole kimoja ili kumwonyesha kwamba halina neno, akaeleza kuwa ofisini wote wanalishika hivyohivyo, hata wale akina dada wa masijala. Kuhusu kilichoandikwa ndani hakuwa na habari. Yeye kazi yake ni kupeleka, kusoma ni kazi ya mwenye barua.

Fundi akawasha injini bila begi. Ilinguruma saa nzima bila kuyumba. Akamwambia Muhuri afunge begi nyuma, akaelekeza pikipiki barabara kuu, ikaenda kama imetoka dukani. Alipogeuza kurudi, ikamfia mbele ya mlango wa mshonaji. Alipekua begi akatafuta barua yenye jina la mshonaji, akaing'oa, akampa Muhuri aishike, akapiga kiki. Ikawaka. Ikafika mlango wa pili, ikazima. Akatoa barua ya mlango wa pili.

Walikwenda hivyo uchochoro mzima, Fundi juu ya pikipiki na Muhuri akimfuata kwa miguu na barua mkononi kama mpambe. Ikabainika kwamba barua huongezeka uzito kadiri inavyokaribia nyumba yake. Fundi alifurahi. Ni jambo la kufurahisha kuupata ugonjwa baada ya wiki mbili za kutaniwa, na alikuwa tayari ametunga maneno ya kuwaambia wale wapita njia. Saa sita mchana walirudi bandani. Barua kumi na saba zilikuwa mikononi mwa Muhuri. Begini ilibaki moja.

Fundi akapiga kiki. Kiki haikushuka. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, na bado haikushuka.

Aliitoa ile barua kwa mikono miwili na goti. Ilikuwa na jina la mama yake.

Aliifungua, akaisoma kwa sauti, pale pale kwenye oili. Ilisema kwamba eneo hilo limetengwa kwa ajili ya bustani ya mapumziko; kwamba kwenye ramani limekwisha kupakwa rangi ya kijani; kwamba mwenye nyumba anapewa siku thelathini abomoe mwenyewe kwa hiari, na asipotaka hiari atabomolewa; na kwamba ofisi inamshukuru kwa ushirikiano wake. Kumi na nane zote zilisema hivyo.

Muhuri alikuwa akisikiliza. Alikuwa hajawahi kusikia barua yoyote ikisomwa. Fundi alipofika kwenye zile siku thelathini, barua alizoshika zilimvuta chini, kwanza mabega, kisha magoti, akakaa sakafuni miguu imenyooka mbele. Fundi akamwondolea moja moja kwa kutumia jeki. Zilipowekwa chini, saruji ya banda ilipasuka kutoka mlangoni hadi kwenye nguzo.

Fundi alikasirika. Alikasirika mpaka masikio yakaziba. Alipokuwa mtoto alimwona mama yake akifyatua yale matofali, kumi kwa siku baada ya kutoka kazini, akiyamwagia maji jioni na kuyafunika kwa magunia. Ilichukua miaka tisa. Sasa mtu amekaa kwenye kiti cha kuzunguka na kalamu ya kijani.

Mama alitoka, kwa sababu alisikia saruji ikipasuka. Muhuri akamwamkia shikamoo kutoka pale chini alipokaa, naye akaitika marahaba. Kisha Muhuri, maana kazi ni kazi, akatoa daftari la kusainia, akasema kwa sauti ndogo kwamba mjumbe hauawi.

"Nani kakuua, baba? Si umekaa, na maji utaletewa," alisema mama. "Ila sahihi yangu hupati. Hii nyumba imepita juu ya kichwa changu, tofali kwa tofali. Siwezi kuisaini ikawa karatasi."

Akainama, akaijaribu barua kwa mkono. Akaujua uzito wake hapo hapo. Alisema imepungua kidogo kuliko nyumba, labda hawakuhesabu choo.

Muhuri aliondoka saa tisa na begi tupu. Pikipiki ilimchukua hadi ofisini bila kukohoa. Aliandika taarifa kwamba mzigo unazidi uwezo wa injini, na ofisi, ambayo husoma taarifa zake zote, ikaagiza injini kubwa zaidi. Yeye mwenyewe alihamishiwa getini kwa kosa la kusikiliza barua zisizo zake. Barua zikachapwa upya. Pikipiki kubwa ilizima kwa mshonaji. Gari la ofisi likazima kwenye kona. Hakuna aliyeuliza habari za nyumba; waliuliza habari za mafuta.

Siku ya thelathini na moja likaja tingatinga. Lilizima mdomoni mwa uchochoro, meno yakiwa hewani. Na kwa kuwa karibu hapo hapakuwa na fundi mwingine, walimwita Fundi. Alikwenda na bisibisi zake. Alikagua mafuta, hewa na nyaya, kwa utaratibu, kama anavyokagua chombo cha mteja yeyote, huku ofisa wa ramani akimsubiri kivulini na nakala ya amri mkononi, akijipepea nayo, amri yenyewe ikiwa imebandikwa kwenye kioo cha tingatinga.

"Injini ni nzima," Fundi alimwambia. "Imekataa tu. Na mimi nimekataa. Kama unataka kuandika, andika majina mawili."

Ofisa aliandika. Dereva, mtu mzima mwenye akili zake, akanong'ona kwamba labda karatasi ingebaki ofisini, tingatinga lije peke yake. Ofisa alimtazama kama mtu aliyeshauri wavue suruali. Bila karatasi, alisema, tutakuwa wahalifu. Taratibu zinasema amri iwepo mahali pa kazi. Basi wakalivuta tingatinga kurudi barabarani, na lilipofika huko likawaka lenyewe.

Tangu hapo huja kila Jumatatu. Amri haijafutwa. Ramani bado ni ya kijani, na inasemekana wamekwisha kuchagua aina ya maua. Watu wa uchochoro wamezoea. Jumatatu hufungua milango mapema ili tingatinga lisiwazibie njia, na wengine humwonea dereva huruma kwa jua lile. Fundi hulikagua kila mara na kutoa jibu lile lile. Lakini usingizi wake umekuwa mwepesi, maana anajua hakuna injini isiyopata mkubwa wake, na hao watu hawachoki kuagiza.

Jumatatu iliyopita, tingatinga likiwa bado limezima pale nje, mama alimwita mwashi. Alimwambia anataka chumba kingine nyuma, cha matofali mapana, na msingi wa mawe uende chini kadiri jembe litakavyokubali. Mwashi alishangaa kidogo, si kwa tingatinga, bali kwa hesabu. Nyumba ina vyumba vitatu na watu wawili. Akauliza hicho chumba ni cha nani.

"Si cha mtu," mama alisema. "Ni cha uzito. Pima."