Kitabu Hufungwa Harusini

Jumapili, tarehe mosi Desemba mwaka 2019, siku ambayo watu wa Mithila, nchi alikozaliwa Sita, huadhimisha harusi yake na mungu wao Rama, Indrakala alikuwa amebakiza mistari michache tu afunge kitabu kitakatifu cha hadithi yao pale mgeni wake alipoinua mkono.

"Endelea, Mama Nutan," mgeni alisema. "Usituache harusini. Tusomee na moto."

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi uani kando ya jiko waliacha visu vikae kimya mikononi.

Mgeni huyo alikuwa Profesa Digambar Mishra, baba mdogo wa kijana aliyemposa Nutan, binti pekee wa Indrakala. Kijana hakuwa na baba. Neno la ukoo lilikuwa kinywani mwa huyu mzee, naye alikuwa amekuja kutoka mji wa Patna kulitoa siku hiyo. Kila mtu pale alijua anayoyaandika magazetini: kwamba sura ile ambamo Sita, akiokolewa kwa aliyemteka, anaingia motoni kumthibitishia mumewe Rama usafi wake imewafunza wanaume ukatili, na kwamba ingefaa ichanwe.

Indrakala aliweka jani la mrehani kati ya kurasa. "Hapa ni kwao Sita, Profesa. Sisi ni upande wa mke. Binti akishaozwa, kwao hawayasimulii mateso yake mbele ya wageni. Tangu mama mkwe wangu aniongoze kidole juu ya herufi hizi, nami ni mke mtu mzima nisiyejua kusoma, kitabu hufungwa harusini."

"Mnafunga kwa sababu mnaona haya."

"Haya tunaona. Ni mtoto wetu."

Bibi Jaymangala, jirani mkongwe asiyejua kuuchunga ulimi, aliguna kutoka kwenye mkeka wake. "Mgeni gani huyu! Hata maji hajanywa, ameshaanza kutuchoma."

Profesa aligeuka kama aliyepigwa kofi. Kisha akamrudia Indrakala, na sauti yake ikawa kavu. "Basi nijibu bila kusoma. Ni mungu gani anayemwambia mkewe aingie motoni?"

Jibu la kumridhisha lilikuwa karibu mno. Indrakala angetamka tu kwamba hayo ni mambo ya kale, waliyoyaandika watu wasiojua, na posa ingepita kabla chakula hakijapoa. Nyuma ya pazia la jikoni bangili za Nutan zililia mara moja, zikatulia. Msichana huyo hakuwahi kumwomba mama yake kitu, ila huyu kijana.

"Aliyeingia motoni alikuwa kivuli," Indrakala alisema polepole. "Ndivyo tulivyofundishwa. Kabla Sita hajatekwa, Rama alimkabidhi kwa moto umtunze. Kilichoibwa ni kivuli. Kilichopita kwenye ndimi za moto ni kivuli. Siku ile moto ulikuwa unarudisha amana."

"Hayo yaliongezwa baadaye. Watu waliona uchungu wa sura ile, wakaitia kiraka."

"Huenda. Wewe umesoma, mimi sibishani nawe nani alitangulia kuandika. Lakini waliotufundisha hawakuwa mawe, Profesa. Waliisoma sura hiyo wakalia, wakakesha nayo, mpaka wakauona moto unaolinda. Wewe unakiita kiraka. Mimi nimejifunika nacho ujane wangu wote."

Profesa alivua miwani. Bila miwani uso wake ulionekana wa mtu mwingine, mdogo zaidi, aliyechoka.

"Nilikuwa na dada, Sarojini," alisema. "Walimchoma jikoni kwa wakwe zake. Tulipokwenda kumchukua, baba mkwe wake alisimama mlangoni akatuambia tusilie, hata Sita alipita motoni."

Bibi Jaymangala alijifunika mdomo kwa upindo wa sari. Indrakala aliweka kiganja juu ya jalada.

"Mzee huyo alikinyakua kitabu chetu akakifutia mikono yake," alisema hatimaye. "Moto wa kitabu ulimrudisha mtoto wa watu akiwa mzima, hata ua la nyweleni halikunyauka. Wakwe wale waliwarudishia ninyi nini?"

Profesa aliirudisha miwani usoni.

"Swali lako si geni hapa kwetu, kaka yangu. Ila sisi hatuchani ukurasa. Tunamwimbia Rama mwenyewe lawama zetu, usoni."

Alikizungushia kitabu kitambaa chekundu, akakaza fundo, akaamuru chakula kiletwe. Jani la mgomba lilitandikwa mbele ya mgeni, likawekwa mchele uliopondwa, mtindi na viazi vya kukaanga. Na hapo hofu mpya ikaingia uani, kwani huko Mithila anayekuja kuwa mkwe hula huku akitukanwa kwa nyimbo. Asiyekuja kuwa mkwe hupakuliwa kwa heshima na ukimya. Wanawake walitazamana. Nani angemtukana mtu mwenye jeraha kama lile? Profesa alikwisha kuchanganya mtindi na mchele kwa vidole, na kila aliyekuwapo pale alielewa kwamba akilimeza tonge hilo kabla ya wimbo, posa imekwisha.

Indrakala alikohoa. Sauti ilikuwa imemkauka kwa kusoma tangu alfajiri, lakini aliitoa hivyohivyo.

"Ewe bwana harusi mweusi, nani kakulea kwenu? Tulikupa taa ya nyumba, mbona uliiacha upepo uipige?"

Alimwimbia Rama, kama mama zake walivyomwimbia. Alipoishiwa pumzi, Bibi Jaymangala alidaka, macho yakiwa bado na machozi.

"Na huyu baba mdogo wa Patna, tumbo kama gunia! Kala vitabu vyote vya mji, bado anatazama viazi vyetu!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Wengine wakaitikia, kwa woga kwanza, kisha kwa nguvu.

Mkono wa Profesa ulikuwa umesimama katikati ya jani na kinywa. Mtindi ulianza kumchuruzika kiganjani, ukafika kwenye kifundo cha mkono, naye hakuufuta. Nyuma ya pazia, bangili hazikulia.

Ewe uliyefika hapa, msimulie na mwenzako. Nawe ukifika kwenye mkono huo uliosimama, funga hadithi, kama wanavyofunga kitabu kwao Sita.