Kwaya Juu ya Roshani

Wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kuamua: mimbari ing'olewe, kwaya ipate jukwaa. Walichokosa ni mchoro wa kupeleka kaunsili ya mji kuomba kibali, na mchoro huo walimwachia Raïssa, aliyehitimu usanifu wa majengo mwezi Julai. Jumapili ile, ibada ilipokwisha, alisimama mbele yao mikono mitupu.

"Binti yangu, mchoro uko wapi?" aliuliza Mchungaji Déogratias.

"Sikuuchora, Baba Mchungaji. Nisikilizeni kwanza. Nikishindwa kuwashawishi, nitauchora leo hii."

Ghislain, mwalimu wa kwaya, alinyoosha koti lake la rangi ya haradali. "Muone mtoto wa Bukavu! Juzi tu wamemvika kofia ya chuo kikuu, leo anatubishia."

Watu wakacheka. Raïssa naye akacheka. Kanisa hili la matofali, lililojibanza nyuma ya maduka ya mtaa wa Walthamstow, huku ugenini, alikuwa amelikagua kona kwa kona, na alijua analosema.

"Mnasema halina mnara, halina msalaba, vioo vyake havina hata rangi. Kama ghala."

"Ghala la viazi," alisahihisha Mama Célestine, mwanamke pekee kwenye baraza la wazee.

"Waliolijenga, karne nyingi zilizopita, walikataa kusali katika kanisa rasmi la mfalme wa Kiingereza, Mama. Wazazi wao walifungwa jela kwa ajili hiyo. Walikuwa wakikusanyika sebuleni mwa watu, milango imefungwa. Hata sheria ilipolegezwa, walijenga nyumba isiyojionyesha. Walichotaka ni neno limfikie kila mtu. Ndiyo maana mimbari iko katikati ya ukuta mrefu, na roshani zimeizunguka pande tatu. Hakuna anayekaa mbali."

Mama Célestine aliitika kwa kichwa. Kabla ya kupata jengo hili, wote walikuwa wakisali sebuleni kwake, jirani akigonga ukuta.

"Historia tamu," alisema Ghislain. "Na kwaya yangu ikae wapi? Mfukoni mwa Mchungaji?"

"Kule juu." Raïssa alionyesha roshani zilizojaa viti vibovu na mapambo ya Krismasi.

"Stoo? Unanipeleka stoo?"

"Panda, kaka Ghislain. Imba bila maiki, ubeti mmoja tu."

Alipanda akinung'unika, akasukuma boksi kwa mguu, akaanza kuimba kivivu, kama anayemtania Raïssa. Sauti ikatambaa chini ya dari ya mbao, ikawashukia wote waziwazi, neno kwa neno. Yeye mwenyewe akashtuka. Akaimba kweli sasa. Wanakwaya waliokuwa wakikunja nyaya za spika wakaziacha sakafuni, wakakimbilia roshani ya upande wa pili, wakamwitikia. Wimbo ukawa unatoka huku na huku, wazee katikati wakigeuza shingo.

Ghislain alitazama chini. Kila uso ulikuwa umeinuliwa kwake.

"Ee! Hapa mnaniona wote?"

"Mpaka koti," alijibu Mama Célestine.

"Basi mimi sishuki."

Mchungaji hakucheka. Alipanda mimbari, ambayo tangu wahamie hakuwa ameikanyaga, akaweka viganja juu ya ubao uliolainishwa na viganja vya wengine. "Bwana asifiwe," alisema, kwa sauti ya mazungumzo tu.

"Amina!" ikajibu nyumba nzima, chini na juu.

Akawageukia wazee. Hakuna aliyepinga.

"Binti, chora. Mimbari inabaki. Ila ngazi hizo za roshani zitengenezwe, zisije zikamwangusha mtu na koti lake."

Raïssa alikuwa amekwisha kutoa utepe wa kupimia. Alipiga goti kwenye ngazi ya kwanza, akaanza kazi.