Neno la Tatu

Binti yule alikuwa na maneno mawili tu: "Mama" na "Amina". La kwanza lilichelewa miaka, kwa kuwa ulimi wake, kama miguu yake, haukutii amri. La pili alilipata kwa kusikiliza sala za mama yake kila alfajiri, na siku alipolitamka, mama yake, fundi cherehani, alimpigia makofi na vigelegele hadi majirani wakauliza nani anaolewa.

Baba alikwisha kwenda zake zamani, akisema ukoo wao haujapata kuzaa kiumbe kama kile. Tangu hapo mama alimbeba mgongoni, hata miguu ya mtoto ilipokaribia kuburuzika chini. Alimlisha kijiko kwa kijiko. Alimgeuza ubavu usingizini asipate vidonda. Hakuna ambaye angethubutu kusema hampendi. Lakini chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia: mbele cherehani, nyuma kitanda. Mteja akibisha hodi, pazia hufungwa. Bibi harusi mmoja aliwahi kuchungulia, akazoa kitambaa chake kikiwa kimekatwa nusu, akasema gauni lake halishonwi katika nyumba yenye mkosi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ndipo akaja mwalimu wa kwaya, mwanamke mwepesi wa kicheko na wa maswali, kuagiza majoho ya waimbaji wake wote. Kazi kama ile ingelifukuza njaa mlangoni kwa muda mrefu.

Fundi alipiga magoti kumpimia pindo, pini amezibana midomoni. Pini zile zilikuwa kinga yake: mteja akiuliza la kumchoma, yeye huitika "mmh" na kuendelea na kazi. Mara sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Nani huyo anayeguna?" Mwalimu akalivuta pazia kabla hajazuiwa. "Maskini! Wa nani huyu?"

Fundi angeweza kuitika "mmh". Siku hiyo alizitoa pini moja moja, akazichomeka katika kijimto cha mkononi, akasema kwa sauti safi:

"Wa kaka yangu, Mwalimu. Mimi ni shangazi yake tu."

"Loo, una moyo, fundi! Wengine hata wa tumboni mwao wanawaficha. Mungu atakulipa."

"Amina," akaitika mtoto.

Mwalimu akacheka mpaka pindo likamponyoka fundi mkononi. "Kumbe huyu ni mwimbaji wangu!"

Alfajiri iliyofuata, fundi alianza sala, akaikatiza. Amwombe nini Mungu ambaye jana alisikia kila neno? Alimaliza kwa kumung'unya, akasubiri. "Amina" haikuja. Kitandani, mtoto alikuwa akihangaika na midomo yake, mate yakimchuruzika kidevuni: "Sha... sha..." Fundi akadhani ni kiu, akamletea maji. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa. Maji yakanyweka, "sha" haikwisha.

Mwalimu aliporudi kulijaribu joho lake, pazia lilikuwa wazi. Halikuwa na kazi tena. Uongo ulikuwa umeshika nafasi yake.

"Hodi, fundi! Na yule wa kaka yako, hajambo?"

Fundi, pini midomoni, akaitika "mmh", akamvika joho. Lakini kule kitandani mtoto aliinua kichwa, akakaza shingo hadi mishipa ikamtoka, akamkazia mama yake macho yanayong'aa.

"Sha... nga... zi."

"Umesikia? Anakuita!" Mwalimu akapiga makofi.

Mtoto hakumtazama Mwalimu. Alikuwa akisubiri makofi ya mtu mwingine.

Hapo fundi akaelewa. Mtoto hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Alimsikia mama yake akilihitaji neno, akalihangaikia peke yake, akamletea kama zawadi. Fundi aliyevisha watu maisha yake yote akajiona yu uchi mbele ya mwanawe.

Akazitoa pini. Moja ikamponyoka, ikaanguka sakafuni.

"Mwalimu, nilikudanganya. Mimi sina kaka. Huyu nimemzaa mimi."

 Mwalimu akalivua joho taratibu, akalikunja, akaliweka juu ya cherehani.

"Nitazungumza na wenzangu," akasema, akatoka bila kuaga.

Fundi hakumfuata. Alikwenda kitandani, akakifuta kile kidevu kwa upindo wa kanga yake. "Mimi ni mama, mwanangu. Sema Mama."

Mtoto akageuza macho kwanza mlangoni, akautazama kitambo, mpaka akahakikisha kwamba mgeni amekwenda. Kisha yeye, ambaye maishani mwake hakuwahi kusema neno ila kwa sauti ya juu, akanong'ona:

"Mama."