Ndimu Chini ya Hovakrafti

Kabla Mwenyekiti hajaja na ndimu zake, adui yetu alikuwa uzito tu.

Hovakrafti, hata ile ndogo ya kuongozwa kwa rimoti, haina huruma na unene. Feni moja inasukuma hewa chini, hewa inajaa kwenye sketi, chombo kinanyanyuka. Feni ya pili, nyuma, inakipeleka mbele. Kiongezee mzigo wa kijinga, kitakaa chini kama bibi harusi aliyenuna. Kwa hiyo mimi na Kathir, mwenzangu wa darasani, tulikata kiunzi kwenye lile povu gumu jeupe linalofungashiwa majokofu, tukashona sketi kwa koti la mvua la baba yake, kisha tukashinda miezi tukipunguza: skrubu tukang'oa tukatia gundi, rangi tukaiacha kabisa. Kwenye mzani wa muuza mboga wa nje ya lango, chombo chetu kilikuwa chepesi kuliko kabichi.

"Kabichi ina nafuu," Kathir alisema. "Inalika."

Darasa zima lilituona wehu. Nyuma ya stendi ya Coimbatore, mji wetu wa kusini mwa India, kuna maduka yanayouza miradi ya mwaka wa mwisho, imeshaundwa, ripoti imeshaandikwa, hata mama ameshashukuriwa kwenye ukurasa wa kwanza. Makundi matano ya darasa letu yalinunua mashine ileile ya kukata nyasi kwa nguvu za jua. Mmoja aliipaka ya kwake kijani; hiyo ikaitwa utafiti.

Mkuu wa idara, Dakta Nallasivam, alitushuku sisi.

"Mangai, mmenunua duka gani?"

"Tumeunda wenyewe, mwalimu."

"Wenyewe?" Akakunja uso kama aliyesikia tumeiba. "Sasa ikiharibika tutamlaumu nani?"

Nilikuwa na sababu yangu ya kutaka isiharibike. Kiwanda cha pampu kilishaniahidi kazi, kwa sharti la shahada, na shahada haitoki mpaka mtahini wa nje auone mradi ukifanya kazi kwa macho yake. Kwetu maana yake ilikuwa kuvuka kidimbwi cha nyuma ya kantini mbele ya Profesa Hepsiba, mama mkavu kutoka Tirunelveli ambaye, walisema, biriani ya wenyeji haijawahi kumfanya abadilishe alama.

Siku ya mtihani mwenye chuo naye akaamua kuja. Mwenyekiti Sengodan alitajirika kwa malori kabla hajagundua kwamba wanafunzi hawanywi dizeli. Langoni lilitundikwa bango la plastiki la kumkaribisha kwenye chuo chake mwenyewe: uso mkubwa kama mlango, sharubu nyeusi kuliko umri wake, viganja vimekutanishwa kusalimu. Dakta naye akatuletea kibao cha shaba chenye jina la Mwenyekiti na, chini yake, kwa herufi ndogo za unyenyekevu, jina lake.

"Kifungeni mbele."

"Mwalimu, kitatuzamisha."

"Jina la Mwenyekiti halizami."

Tukakifunga. Hovakrafti ikanyanyuka kwa shida, ikikwaruza sakafu, lakini ikanyanyuka.

Mwenyekiti alifika, akaizunguka, mikono mgongoni, kama anayekagua lori la mtumba.

"Magurudumu yako wapi?"

"Haina, mzee. Inaelea juu ya hewa."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Basi ndimu tutaiweka chini ya nini?"

Dakta akanikodolea macho kana kwamba nimesahau jibu la mtihani. Na kweli nilikuwa nimesahau. Kwetu chombo kipya, kiwe pikipiki au trekta, hakianzi safari ya kwanza bila kuponda ndimu. Jicho baya linapondwa humo humo. Nilikuwa nimepiga hesabu za hewa na za feni. Ndimu sikuipigia hesabu.

Kwanza wakaipaka hovakrafti liwa na unga mwekundu. Kisha dereva wa Mwenyekiti akaja na koja la asumini aivishe shingoni, na kwa kuwa haina shingo, akaivisha feni. Nilipowasha, asumini ikasagika, ikawanyeshea wageni vichwani. Wakapiga makofi.

"Ubunifu huo!" Dakta akasema, akijipangusa petali puani.

Ndimu ikawekwa njiani. Hovakrafti ikaiendea, sketi ikainama kidogo, ikaipita kwa juu, ikaiacha nyuma nzima, inang'aa.

"Rudia," alisema Mwenyekiti.

Nikarudia. Ndimu ikatikisika tu, kama mtu aliyepigwa na upepo mlangoni.

"Lori langu moja la mayai liliondoka bila kuponda," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Tulilikuta kisimani."

Profesa Hepsiba aliiokota ndimu, akaigeuzageuza. "Mwenyekiti, hii ndiyo dalili kwamba inaelea. Sasa ivuke maji nitoe alama. Treni hainisubiri."

"Haigusi maji yangu mpaka iponde."

Nikaipeleka tena, nikazima feni ikiwa juu ya ndimu. Ikatua, ikakaa pale kama kuku juu ya yai. Hata tone halikutoka. Miezi yote ile ya kupunguza uzito, na sasa tumepungukiwa na uzito.

Macho ya Mwenyekiti yakazunguka, yakatua kwa Dakta Nallasivam, ambaye uzito alikuwa nao.

"Dakta. Kaa."

"Mzee?"

"Kaa, bwana! Au unataka na wewe kisima?"

Dakta akakaa. Ndimu ikalia kidogo. Koti la mvua la baba yake Kathir likalia kwa muda mrefu zaidi. Wageni wakashangilia, boga la kufukuza jicho baya likavunjwa, Mwenyekiti akafuta jasho.

"Sasa iende!"

Iende wapi? Sketi ilikuwa imechanika ubavu hadi ubavu.

"Baba ataniua," alisema Kathir.

"Na mimi nitarudia mwaka." Profesa Hepsiba alikuwa anatazama saa. Nikaangaza huku na huku kutafuta kitu kisichopitisha hewa. Kilikuwepo langoni, kinatusalimu.

Kathir akafuata macho yangu. "Wewe, thubutu! Ule ni uso wa mtu."

"Ni plastiki."

Nikamwendea Mwenyekiti, nikamgusa miguu kwa heshima. "Mzee, jicho baya limetoka. Lakini sketi ile ilikuwa ya kimaskini. Chombo kinaomba kibebwe na uso wako wa pale langoni."

Dakta akashika kifua. Mwenyekiti akazinyoosha sharubu, akatafakari.

"Upande gani? Wa kushoto ndio wenye baraka."

"Uso mzima, mzee. Ila uso ukiwepo, kibao cha jina cha nini tena?"

"Kitoeni. Nani asiyenijua?"

Wembe, gundi, utepe. Sketi ya namna hii inataka tundu katikati hewa itokee, na nilipoitandika, katikati pakaangukia mdomo. Nikautoboa. Nikainua ubavu wa chombo, nikawasha kujaribu: mashavu ya Mwenyekiti yakavimba, sharubu zikasimama, na mdomoni ukatoka upepo usiokoma.

"Anahutubia," Kathir alinong'ona. Nikamkanyaga.

Ikateleza majini bila kusita, vyura wakaipisha, ikageuka ng'ambo, ikarudi ikinirushia matone usoni. Mwenyekiti alikuwa na machozi. "Mmeona nilivyovuka?"

Profesa Hepsiba akafungua kalamu. "Swali moja tu, binti. Chombo hiki kinashikiliwa juu na nini?"

"Hewa tupu, profesa. Inatoka mdomoni mwa Mwenyekiti."

Alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaandika alama.

Sasa niko kiwandani kwenye pampu. Chuoni, bango bado liko langoni, viganja vinasalimu, na palipokuwa na uso unaona mawingu. Hakuna anayethubutu kuliondoa. Dakta Nallasivam hulipungia mkono kila asubuhi.